Picha Niliyosema Haina Mwenyewe

Dada yangu alikuwamo ndani ya picha niliyoitoa nyumbani kwetu kwa mikono yangu, na sikulijua hilo mpaka mama alipoanza kupofuka. Naliandika mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure hapo mbele. Aliyekosa ni mimi. Wengine wote waliowahi kuishika picha ile, na hawakuwa wengi, waliitunza kuliko nilivyoitunza.

Kwetu ni Malindi, mtaa wa Shela, nyumba ya ghorofa moja yenye kuta nene na chumba cha juu kilichokuwa kikipangishwa. Kabla sijazaliwa chumba hicho alikipanga bibi mmoja wa Kitaliano, mtu mzima, mwembamba, mpole wa salamu. Kila asubuhi alishuka na kiti chake cha kukunja na sanduku la rangi za mafuta, akakaa mwisho wa njia yetu kuichora. Mama anasema watu walimcheka. Hakuchora mistari kwanza kama wachoraji wa mabango ya maduka wafanyavyo. Alipachika rangi tu, baka hapa na baka pale, kama mtu anayeziba nyufa za ukuta kwa chokaa. Kivuli alikipaka zambarau. Mzee mmoja wa jirani alisimama nyuma yake asubuhi nzima akiitafuta hiyo zambarau iliko katika njia ile, asiione, akaenda zake akisema bibi wa watu amepigwa na jua. Lakini ukirudi nyuma hatua kumi, anasema mama, mabaka yote yalishikana, na njia yetu ikawa pale mbele yako, na jua la saa tatu limeulalia ukuta wa kushoto. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba huko Ulaya walikuwako zamani wachoraji wengi wa namna hiyo, waliotoka vyumbani mwao wakaenda kulichora jua lenyewe pale linapoangukia, na kwamba watu wa kwao nao waliwacheka.

Dada yangu alikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa tumboni. Mama alikusudia kumpeleka studio siku ya Idi apigwe picha na nguo yake mpya, kwa sababu mpaka siku hizo hakuwa na picha hata moja. Homa ilimchukua katika kumi la mwisho la Ramadhani. Nguo mpya alipewa mtoto wa jirani. Nilikua nikijua kwamba nilikuwa na dada, kama mtu ajuavyo kwamba babu yake alikuwa na shamba mahali fulani. Hakuwa na sura, na mimi sikumuulizia.

Nilipotimiza miaka ishirini na mitatu nilirudi nyumbani kutoka chuoni, nilikokwenda kusoma dini kwa miaka miwili. Miwili tu. Aliyesoma kumi hurudi mnyenyekevu. Mimi nilirudi na miwili yangu nikawa tishio la mtaa. Nilimsahihisha imamu aliyenifundisha alifu. Baba hakuwa hai tena, nikajiona mimi ndiye mwanamume wa nyumba, na nyumba nikaanza kuisafisha. Niliingia jikoni na ncha ya kisu nikamtoboa macho ng'ombe wa kwenye kopo la maziwa, na kuku wa kwenye pakiti ya supu, huku nikisema kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha. Mama aliniuliza kama yule ng'ombe ataendelea kutoa maziwa. Sikucheka. Siku hizo nilikuwa sicheki.

Picha ya njia ilikuwa chumbani kwake, nyuma ya kabati, imefunikwa leso kuukuu. Nilimfuma nayo alasiri moja. Alikuwa ameisimamisha juu ya kitanda, yeye amerudi nyuma mpaka mlangoni, anaitazama. Aliposikia hatua zangu aliifunika upesi, na ule upesi wake ndio uliomponza, kwa sababu mtu wa umri wangu ule akiona mama yake anaficha kitu hafikirii huzuni. Nilifikiri ni dhambi. Sikuitazama ile picha hata kidogo. Nilichokiona ni rangi rangi, na kwamba ilikuwa picha.

Nikangoja. Mama alipokwenda Mambrui kwenye arusi ya binti wa dada yake, akae siku tatu, niliitoa nyuma ya kabati nikashika nayo njia kwenda kuichoma uwanjani. Mbele kidogo nikakutana na Ami, mdogo wake baba, aliyekuwa na gesti karibu na bahari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeajiriwa kwake, nakaa mapokezi.

"Hiyo nini?" akaniuliza.

"Picha, Ami. Naenda kuichoma."

"Ya nani?"

"Haina mwenyewe," nikasema.

"Basi nipe miye. Ukuta wa mapokezi uko mtupu, wageni waingia waona misumari tu."

Nikampa. Sikuona ajabu yoyote kwamba kitu kinachofukuza malaika kwetu kinafaa kukaribisha wageni kwa Ami. Ilitundikwa nyuma ya kiti changu cha mapokezi, nami sikugeuka hata siku moja kuitazama. Gesti ile mama hakuwahi kuikanyaga, palikuwa mahali pa wanaume na wapita njia, kwa hiyo nilijua hataiona tena.

Alirudi siku ya nne. Aliingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka.

"Mwanangu, kilichokuwa nyuma ya kabati kiko wapi?"

Nikamsomea hadithi ya Mtume, na wapokezi wake, na maneno ya wanazuoni juu yake, nikamalizia kwa kumwambia kitu kile kimetoka na hakitarudi, na kwamba nimemwokoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuinjika wali. Chakula cha siku ile kilikuwa kitamu kama cha siku zote, na jambo lile hakulitaja tena kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilidhani nimeshinda.

Ukali ule ulinitoka polepole, bila sherehe. Nikaoa, nikapata watoto, watoto wakachora nyuso na jua lenye macho kwenye kuta, nikawaacha. Simu yangu ikajaa picha za wajukuu. Ukiniuliza siku gani nilibadilika siwezi kukwambia, na hilo lanikera, kwa sababu mtu aliyevunja kitu cha mwenzake angalau angeikumbuka siku aliyoacha kuvunja.

Mwaka jana macho ya mama yalianza kumtupa. Nilimpeleka Kilifi kwa daktari, akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone italinda kilichobaki kwa muda. Jioni ile, tumekaa barazani nyumbani, mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kabla jicho halijazima lote, ningependa kumwona dada yako mara moja."

Nilidhani ni umri unaosema. Nikamwambia, taratibu, kwamba dada alikwisha kwenda mbele ya haki.

"Najua alikokwenda. Nilimkosha mwenyewe," akasema. "Nasema katika ile picha."

Ndipo aliponieleza. Yule bibi wa Kitaliano alipokuwa akiichora njia, dada yangu alikuwa kila asubuhi akitumwa maji bombani. Bibi akampenda, akamwomba asimame ili amtie pichani. Akamwonyesha katikati ya njia. Dada alikataa katikati. Alikwisha kufunzwa kwamba mtoto mwenye adabu hazuii njia ya watu, akaenda kusimama pembeni kabisa, karibu na bomba, na kopo lake mkononi. Alisimama hivyo asubuhi nane. Alipofariki, bibi alikuja matangani, akakaa chini na wanawake wengine. Mwezi uliofuata aliondoka kurudi kwao, na picha akamwachia mama.

"Hana uso," mama akasema. "Hakumtia macho wala mdomo. Ni burashi tatu, nne. Niliona malaika hawatanigombeza kwa burashi nne."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile niliyomsomea hadithi.

"Wewe hukuuliza," akasema. "Nawe ulikuwa umekwisha kuichoma, ningekwambia ya nini? Ukae nayo rohoni?"

Nikamwambia sikuichoma. Nilimpa Ami.

Mama alinigeuzia uso. Macho yake hayakuwa tena na nguvu ya kunitazama sawasawa, yakanitazama karibu na sikio. Nikafahamu alichokuwa akikiamini miaka yote hiyo, wakati akinipikia, akinilelea watoto, akiniombea safari njema kila nilipotoka. Alikuwa akiamini kwamba mwanawe wa kiume amemtia motoni mwanawe wa kike. Usilolijua ni usiku wa giza, husema wazee, lakini nadhani methali hiyo yamfaa asiye na njia ya kujua. Mimi njia nilikuwa nayo. Ilikuwa ni kuuliza swali moja.

Mtu mwingine angeamka kesho yake akaenda kwa Ami. Mimi niliona haya. Kwenda kwa Ami ilikuwa kwenda kukiri kwamba nilimwongopea. Ilikuwa Rajabu, nikasema nitakwenda baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani nikasema acha nimalize funga sita za Shawali. Macho ya mama hayakuwa na habari na kalenda yangu. Kila baada ya sala aliniuliza, "Umekwenda?" na kila mara nikamjibu kwamba nashughulikia. Asubuhi moja alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai akakikosa kwa shibiri nzima, akapapasa meza, akacheka kwa kunionea mimi haya. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Ami.

Ami ni mzee sana sasa. Gesti aliifunga zamani, wageni walipopungua. Nilimkuta kitandani, redio iko kifuani pake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Watafutani huku leo?"

Nikamwambia natafuta ile picha ya njia. Aliikumbuka upesi, kwa sababu wazungu walikuwa wakiiulizia sana.

"Yuko mwalimu mmoja Watamu, mama wa Kigiriama. Nilipofunga alichukua vitanda, nikampa na picha kuwa nyongeza." Kisha akaizima redio. "Ya nani?"

"Ya mama, Ami."

"Nilikuuliza. Ukanambia haina mwenyewe."

"Naam."

"Mimi nimemgawia mtu mali ya shemeji yangu," akasema, na alikuwa amekasirika, mzee wa watu ambaye hata kukaa hawezi. "Nenda kairudishe kabla sijafa. Usinitie miye katika deni lako."

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mstaafu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, na sebule wanakokunywa wageni chai. Nilipoingia nikaiona ukutani juu ya friji. Nasema nikaiona, na nataka nieleweke: ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa mlangoni, umbali ule ule mama aliokuwa akisimama, na mabaka yalikwisha kushikana. Ilikuwa njia yetu. Asubuhi ya njia yetu, kabla ya waya za umeme, kabla ya maduka ya simu, ukuta unawaka manjano na weupe mpaka unataka kukunja macho, na upande wa pili kivuli kimelala, na kivuli kile kweli kilikuwa cha zambarau. Nimepita njia ile maisha yangu yote na sikuwahi kukiona. Nilisimama pale nikifuta macho.

"Baba, waweza kukaa," mwalimu akasema. Sikukaa. Nikamweleza kwamba picha ile ni ya mama yangu, ilitolewa bila idhini yake, na nimekuja kuiomba.

Hakukasirika. Aliniambia amekaa nayo miaka kumi na tisa, wageni wengi wameitaka naye amewanyima, na hawezi kumpa kila anayeingia na hadithi. "Darasani kwangu," akasema, "mtoto akija kudai kalamu iliyookotwa, namuuliza ina alama gani. Akizijua, ni yake. Geuka."

"Mwalimu?"

"Geuka utazame ukuta. Unieleze picha ina nini."

Nina wajukuu watano. Niligeuka nikatazama ukuta. Jambo lenyewe nilikuwa nimelisoma chuoni, katika vitabu vya sheria, mlango wa kiokotwa, kwamba anayedai hutakiwa ataje alama za kitu chake. Nililihifadhi kwa moyo na ningeweza kulisomea watu mimbarini. Nikafungua kinywa.

"Kuna njia," nikasema. "Kuna jua."

"Malindi nzima ina njia na jua."

Sikuwa na zaidi. Nilikuwa nimeitazama kwa muda wa dakika mbili maishani mwangu, na dakika zile zilikuwa zimejaa machozi. Nikamwomba ruhusa nimpigie mama simu. Akaniruhusu, akanipa karatasi na kalamu, naye akakaa na karatasi ya kwake.

Mama hakuuliza kwa nini. Alizitaja moja moja, bila kusita, kama mtu anayesoma. Mlango wa jirani uko nusu wazi, na giza la ndani si jeusi, ni buluu. Dirisha la juu limeanikwa leso nyekundu. Kuna punda amegeuza matako, na miguu yake ni mitatu, wa nne bibi aliusahau. Mzee wa kofia barazani, anasinzia. Chini, mkono wa kulia, doa la kijani lililodondoka kwa bahati mbaya, bibi alitaka kulifuta na mama akamwambia aliache. Ukuta wa kushoto, kati ya dirisha na bomba, rangi imewekwa nene sana, ukipitisha kidole utahisi mabonde. "Na pembeni kabisa kushoto, karibu na bomba, ndiye. Kigauni cha manjano. Ana kopo. Hana uso, usimtafute uso."

Nikamshukuru nikakata simu. Namshukuru Mungu kwamba niliikata.

Mwalimu alichukua karatasi yangu, akavaa miwani, akasimama mbele ya picha na kalamu yake. Alikuwa akitia alama ya sahihi kila anapokipata kitu. Kwenye miguu ya punda alitabasamu, akasema miaka yote hiyo hakuwahi kuihesabu. Alipofika mwisho hakutia alama.

"Sita ni sahihi," akasema. "Mtoto hayupo."

Nikasogea. Kwa karibu ilirudi kuwa mabaka, nikarudi nyuma, nikasogea tena. Kushoto kulikuwa na ukuta wenye jua, na bomba, na fremu. Bomba lenyewe lilikuwa nusu. Mwalimu aliitungua picha akaigeuza juu ya meza. Pande tatu kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya mbao na kupigiliwa misumari ya zamani iliyoshika kutu. Upande wa nne kilikuwa kimekatwa kwa wembe, sawasawa kabisa, na kubanwa kwa pini.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ami alikuwa ameniagiza niipeleke picha kwa fundi wa fremu kabla ya kuitundika. Fundi alikuwa na fremu moja iliyokwisha tengenezwa, nzuri, ya mvule, ambayo mteja wake hakurudi kuichukua. Picha ilizidi fremu kwa kiasi cha shibiri. Fundi akaniambia anaweza kutengeneza nyingine kwa siku tatu, au akate. Nikamwambia akate. Akaniuliza upande gani. Na mimi, nikiwa nimegeuka nikitazama barabarani kwa sababu sikutaka macho yangu yaangukie kitu cha haramu, nikamwambia upande wowote.

Kipande kile kilianguka chini karibu na miguu yangu. Nadhani kilianguka. Kilifagiwa na vumbi la mbao siku hiyo hiyo, na fundi mwenyewe alikwisha kufa. Nilimweleza mwalimu yote haya nimesimama, na yeye hakunipa pole. Aliirudisha picha katika fremu yake, akaifunga kwa shuka safi na kamba, akanikabidhi.

"Ni yenu," akasema. "Sasa utamwambia nini?"

Kutoka Watamu mpaka nyumbani nilikuwa nikipanga maneno. Niliapa nitamwambia kweli, kwa sababu uwongo mmoja, wa maneno mawili, ndio uliotufikisha pale. Niliyapanga vizuri. Nilianza na kuomba msamaha, nikaja kwenye fundi, nikamalizia kwa kumwambia kwamba angalau njia ipo, na ukuta, na punda wake. Tuktuk ilikuwa wazi upande mmoja, na picha iliyokuwa magotini pangu iliota jua njia nzima.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ameoga, amejitanda leso mpya. Alikuwa amevaa kwa ajili ya kukutana na mtu. Nililiona hilo nikasimama mlangoni na mzigo wangu, na maneno yangu yote yakanitoka.

"Umekuja naye?" akauliza.

Nikafungua kamba. Nikaiweka picha mbele yake juu ya mto, jua la dirishani likaipiga, naye akaielekezea uso. Aliniambia anaona mwanga na kitu cha manjano, basi. Kisha akanipa mkono wake nimwongoze.

Nilimpitisha kwenye mlango wa jirani, kwenye leso ya dirishani. Vidole vyake vilikwenda taratibu. Alimtambua punda, akamhesabu miguu, akacheka. Nikajiambia, sasa. Mwambie sasa, kabla hajafika.

"Wameitia mbao," akasema, kidole kimefika kwenye fremu. "Bomba liko wapi?"

Nikamwekea kidole juu ya nusu ya bomba.

"Naye?"

Nikauchukua mkono wake nikausogeza kidogo kulia, nikauweka juu ya ukuta wa pichani, pale ambapo yule bibi alilimwaga jua kwa rangi nene ya manjano. Mama alipapasa. Akapapasa tena kwa ncha ya kidole kimoja, juu chini, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto jasho.

"Ndiye?"

"Ndiye, mama."

Midomo yake ilitikisika ikimwita kwa jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia likitajwa nyumbani mwetu, na uso wake ukawa wa mwanamke kijana ambaye sikubahatika kumjua.

"Ana joto," akasema.

Kisha akaondoa mkono, akatafuta kichwa changu, akakipata. Akaniambia kwamba yale ya zamani amenisamehe, duniani na akhera, na kwamba radhi zake zote ninazo, kwa sababu hakuna mtoto aliyemfanyia mama yake jambo kama hili nililomfanyia leo. Akaniombea umri, na watoto wema, na mwisho mwema. Aliinua mikono yake, nami nikainua yangu, nikaitikia amin.